Mikoko ilipumzishwa, ukataji ukahama: kisa cha shehia moja Ghuba ya Chwaka

Kila nikisikia watu wanapanga utafiti gani wa misitu ufanywe mwanzo hapa Zanzibar naona wanaanza na msitu wenyewe, una ukubwa gani, una miti mingapi, una kima wangapi, na mimi kwa kisa hichi nitakachokieleza naamini kabisa tungeanza kwengine, tungeanza na mtu anaetaka boriti. Nitaeleza kwa urefu mana ukifupisha unaonekana ni mchezo wa lawama, huyu mkorofi na yule mwema, na haikuwa hivo.

Kuna shehia moja, yaani eneo linalosimamiwa na sheha, pembezoni mwa Ghuba ya Chwaka kisiwani Unguja, jina naliacha kwa sababu watu wenyewe bado wanalizungumza jambo hili na kila mtu na uchungu wake. Walikubaliana kufunga kipande cha mikoko ili kipumzike. Kikao kilikaliwa skuli, sheha alikuwepo, kamati ya uhifadhi ilikuwepo, wakataji wenyewe walikuwepo na wakasema sawa tumeridhika. Na kipande kilifungwa kweli, sio kwa karatasi tu, watu walikuwa wanazunguka zamu bila ya posho. Baada ya miaka kadhaa ukienda maji ya bamvua yakishatoka unaona miche imejaa chini, matawi yamefungana, kaa wamerudi, na mtu yoyote anaekuja na fomu yake ya tathmini angeandika kuwa limefanikiwa na angekuwa hajasema uongo.

Lakini boriti barabarani hazikupungua. Kuni hazikupungua. Gari za ng'ombe zilikuwa zinapita vilevile, ila mzigo ulikuwa unatoka pengine, nyengine kwenye msitu wa maweni nyuma ya kijiji, nyengine shehia ya jirani ambayo haikufunga kitu, na nyengine, tuseme ukweli, ndani ya kipande kilekile usiku. Jirani wakaanza kulalamika kuwa nyinyi mmehifadhi kwenu mnakuja kumaliza kwetu, na ugomvi ule ukafika hadi kwenye mambo ya harusi na misiba, watu waliokuwa wanazikana wakawa hawapishani vizuri.

Kwa asiepajua, ghuba hii ndio yenye mikoko mingi kuliko sehemu yoyote ya Unguja, na tokea 2004 sehemu yake imeunganishwa na msitu wa Jozani ikawa Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, kama kilomita 50 za mraba hivi. Nyuma ya mikoko sio udongo wa kulima kama wa Donge au Mahonda, ni maweni, jiwe la matumbawe na udongo kidogo kwenye mashimo, mtu anafyeka, anachoma, analima misimu miwili mitatu halafu anaacha kichaka kiote tena. Kwahiyo watu wa huku hawana karafuu wala mpunga, wana bahari, wana mwani, wana kichaka na wana mikoko. Ukiwafungia kimoja lazima waegemee chengine. Hichi kitu kila mtu wa pale anakijua bila ya kusoma popote.

Na upande wa pili kuna mjini. Sensa ya 2002 Zanzibar ilikuwa na watu 984,625, sensa ya 2022 tumefika 1,889,773, yaani miaka 20 tu tumekaribia kuwa mara mbili, na hao wote wanajenga, wanapika, wanakula mkate wa boflo asubuhi ambao matanuri yake mengi yanawaka kwa kuni, na hoteli za ukanda wa mashariki zinaezeka makuti juu ya miti. Msitu haukukua mara mbili. Sasa ukifunga kipande kimoja cha mikoko Chwaka hujagusa hata mtu mmoja katika hao wanaotaka miti, umegusa mkataji tu, na mkataji hakati kwa kupenda, anakata kwa sababu kuna fundi kampigia simu.

Sasa niingie ndani ya kisa chenyewe, mana palipoharibika sio pahali pamoja tu.

Pa mwanzo ni kwamba makubaliano yalisema "mikoko" kama vile ni mti mmoja. Pale kuna mkoko wenyewe, kuna mkandaa, kuna msinzi, kuna mchu, kuna mlilana upande wa baharini, na tabia zao hazifanani. Mkoko, mkandaa na msinzi ukivikata shina lote basi umekwisha, kisiki hakichipui, na kinachorudi pale ni mche mpya kutoka kwenye mbegu na unaanza moja. Mchu ukiukata unachipua. Kina mama wanaotafuta kuni wanalijua hilo, mmoja akanambia, "Mwanangu, mchu mie naukata matawi tokea nimeolewa na upo palepale, leo naambiwa mimi ndie nnaemaliza msitu." Na alikuwa sahihi kabisa. Kama kanuni ingesema mkoko, mkandaa na msinzi marufuku katika kipande hichi, mchu ruhusa matawi kwa zamu na kwa urefu fulani, kina mama wangebaki upande wa kamati. Badala yake walifungiwa wote sawasawa na wao ndio waliokuwa macho ya kamati kule ndani mana wao ndio wanaoingia kila siku. Kamati ilipowapoteza hao ilipoteza habari zote za nani anapita usiku.

Hapa kuna swali la utafiti ambalo ni dogo, rahisi, na sijui kwa nini halipewi uzito: mchu wetu, kwenye chumvi yetu na mchanga wetu, ukikatwa matawi unahitaji muda gani kurudi, ukate kwa urefu gani toka chini, na zamu iwe ya miaka mingapi. Haihitaji mashine. Inahitaji rangi ya kuwekea alama, utepe wa kupimia na mtu mvumilivu.

Pa pili ni saizi. Watu wa bara wakisikia boriti wanafikiri ni kila mti wa mkoko, huku pwani miti hii ina daraja zake za zamani, fito ni zile nyembamba chini ya sentimita 4, pau ni 4 hadi 8, mazio ni 8 hadi 11 na kitu, boriti inapanda hapo mpaka kama 14, halafu nguzo juu yake. Soko lilikuwa linataka mazio na boriti khasa, sio fito na wala sio miti mikubwa ambayo ni mizito na inampa tabu fundi. Kwahiyo mkataji anaingia ndani anachagua miti ya kati iliyonyooka, anaacha midogo na anaacha ile iliyopinda. Ukiangalia kwa picha ya setilaiti unaona kijani kizima hakuna kilichoondoka. Ukiingia kwa miguu unakuta msitu wa vijana na wazee waliopinda, wa kati hawapo, na hao wa kati ndio wanaotarajiwa kuwa nguzo kesho na ndio wanaozaa mbegu za miti iliyonyooka. Ndio mana mimi siridhiki na ripoti ya hekta peke yake. Hekta zinaweza kubaki zilezile miaka 20 na boriti ikawa hakuna.

Nitoke nje kidogo. Nyumba za Mji Mkongwe vyumba vyake vimekuwa vyembamba na virefu, upana kama mita 3 hivi, kwa sababu dari zilibebwa na boriti za mikoko na boriti haivuki hapo. Yaani mti wa Ghuba ndio uliopanga watu walale vipi, na mpaka leo anaetengeneza nyumba ya zamani kule anahitaji boriti ileile, huwezi kumwambia atie bomba la chuma. Mahitaji hayo ni halali na hayataondoka, yanatakiwa yahesabiwe na yatengewe miti yake, sio yaachwe yajitafutie njia za usiku.

Pa tatu, na hapa ndipo kisa kilipovunjika khasa, ni mivinje.

Wakati wa kufunga, ahadi ilikuwa watu wataoteshewa mti mbadala. Kikundi cha kina mama na vijana wachache wakapewa eneo la mchanga juu ya pwani, wakaotesha mivinje. Uchaguzi haukuwa mbaya, mvinje unapenda mchanga, unastahamili upepo wa chumvi, mizizi yake inashirikiana na vijidudu vinavyoupa naitrojeni kwahiyo hauhitaji mbolea, na ndani ya miaka 4 au 5 unaweza kutoa mti wa saizi ya boriti, wakati mkoko kufika saizi hiyo unataka miaka mingi zaidi. Ikaota vizuri, ikanyooka, ikakatwa, ikauzwa. Mafundi wakanunua kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko mikoko na haina tabu ya kuvizia.

Halafu haikupita muda mrefu maneno yakaanza. Mmoja kaweka mivinje nguzo za banda, zimeliwa na mchwa palepale mchanga unapokutana na hewa, juu mzima chini unga. Mwengine kapigilia mapau, yamepinda na kupasuka yalipokauka. Mwengine ungaunga unadondoka darini kwa dumuzi. Fundi mmoja mkubwa wa eneo lile akatoa msimamo wake mbele ya watu kuwa yeye kazi ya mvinje haichukui tena, mana mwenye nyumba haendi kumlaumu mvinje, anamlaumu fundi. Bei ya mvinje ikaanguka, kina mama wakauza iliyobaki kuwa kuni, na kwa kuni kweli ni mti mzuri mno, unawaka moto mkali, lakini pesa ya kuni na pesa ya boriti ni mbali kabisa. Na mvinje hauchipui vizuri ukikatwa, lazima uoteshe upya, kwahiyo wakawa wameanza sifuri, na safari hii hawana hamu.

Baada ya hapo ndio ukataji wa usiku ukashika kasi. Sio kabla. Mimi hilo nalisisitiza mana kwenye vikao vya baadae ilisemwa kuwa wananchi hawana mwamko, wanahitaji elimu. Elimu gani? Walifunga, wakalinda, wakaotesha, wakauza, mti ukafeli kazini, wakarudi kwenye mti usiofeli. Mkoko mgumu, mzito, una dawa yake ya asili ndani ya gome na mti ambayo mchwa hawaipendi. Mtu anaejenga nyumba mara moja katika maisha yake anachagua mti utakaosimama, na ungekuwa wewe ungefanya hivohivo.

Yaani kitu ambacho kingejulikana kwa jaribio la kawaida kabla ya kuotesha eka nzima kilikuja kujulikana kwenye nyumba za watu.

Pa nne sitakaa sana, ni mwani. Mwani unasemwa kuwa ni kazi mbadala ili watu waache miti, na kweli tokea mwisho wa miaka ya 1980 umewapa kina mama wa mashariki pesa yao wenyewe mkononi, hilo siligusi. Lakini kila kamba ya mwani inataka pegi mbili za miti, shamba la kamba 50 likipangwa kamba mojamoja linataka pegi 100, na pegi ndani ya bahari zinaoza na kuliwa zinabadilishwa. Zinatoka wapi? Mikoko na kichaka cha maweni. Hakuna mtu kwenye kikao cha skuli alieuliza pegi zitatoka wapi, ingawa nusu ya waliokaa pale walikuwa wakulima wa mwani.

Makaa nayo yana habari yake. Sehemu ya makaa yanayochomwa huku ni ya maweni, na mengine mengi yanayotumika mjini yanavuka na vyombo kutoka bara, kwahiyo ukataji mwengine tumeuhamisha hadi ng'ambo, na mbao laini za kuezekea nazo nyingi zinatoka bara, mashamba kama ya Sao Hill kule Mufindi. Tanuri la udongo la kienyeji linatoa kama kilo 10 hadi 20 za makaa kwa kila kilo 100 za kuni kavu. Chukua katikati, 15, polo, yaani gunia, la kilo 40 limekula karibu kilo 267 za kuni. Tanuri lililoboreshwa likifika 25 polo lilelile linakula kilo 160. Tofauti ya zaidi ya kilo 100 kwa polo moja, kwa ufundi tu wa kupanga magogo, kukausha kabla na kutoa moshi. Hata hivo mimi sikimbilii kusema tufundishe tanuri bora tumemaliza, kwa sababu mchomaji akipata makaa mengi kwa jasho lilelile anaweza kuchoma zaidi badala ya kukata kidogo, na hilo lazima lifuatiliwe kwa mchomaji mwenyewe, sio kudhaniwa ofisini.

Na hapa niseme kitu kinachonigusa. Kima punju wa Jozani wanakula makaa, wanayaokota kwenye matanuri ya zamani na majikoni, na watafiti waliliandika hilo tokea miaka ya 1990, wakaeleza kuwa makaa yanawasaidia na sumu zilizomo kwenye majani ya miembe na mikungu wanayokula. Wametafitiwa mpaka chakula chao, na wamehesabiwa kisiwa kizima wakaonekana kuwa zaidi ya 5,800, wengi kuliko ilivyodhaniwa mwanzo. Mimi nafurahi, mnyama huyu hayupo popote duniani isipokuwa kwetu na anastahiki. Lakini kwenye shehia hii tunaweza kukwambia kima anakula nini saa nne asubuhi, na hakukuwa na daftari hata moja linalosema boriti ngapi ziliingia kijijini kwa mwezi, zimejenga nini na zimedumu muda gani. Na huyo kima anaishi au anakufa kwa boriti hiyohiyo.

Habari ya kuuza kaboni, yaani kulipwa kwa kuacha miti isimame ivute hewa chafu, pia ilipita hapa kwenye masikio ya watu. Mradi wa HIMA, yaani Hifadhi ya Misitu ya Asili, ulianza 2010 kwa pesa za Norway, ukiendeshwa na shirika la CARE pamoja na Idara ya Misitu, ukazifikia shehia zaidi ya 40 Unguja na Pemba, na jambo zuri ulilolisukuma ni mikataba ya usimamizi wa misitu ya jamii, ambayo sheria ya misitu nambari 10 ya 1996 inairuhusu. Watu wakapata ramani, mipaka, kanuni zao wenyewe. Lakini kijijini kilichobaki kichwani ni kwamba hewa itauzwa na pesa zitakuja, na matarajio yakawa makubwa kuliko pesa. Kwahiyo shehia hii ilipofunga kipande chake kuna waliokuwa wanasubiri malipo, na ukiwauliza malipo ya nini hawajui, na kuna waliosema wazi sisi hatufungi kwa ajili ya pesa tunafunga kwa ajili ya samaki. Makundi mawili haya yalikuwa yanasaini karatasi moja kwa sababu mbili tofauti, na mambo yalipokuwa magumu la kwanza ndio lililotoka mwanzo.

Sasa utafiti uanzie wapi

Nimezungumza na jamaa zangu wa uhifadhi na wengi wanasema mwanzo tupime msitu upya, hali yake, mabadiliko yake, halafu mengine yafuate. Nawaheshimu ila sikubaliani nao kwa kisa hichi. Tungekuwa na ramani nzuri mara kumi zaidi bado mvinje ungeliwa na mchwa na bado fundi angepiga simu. Ramani ingetuonyesha kwa uzuri zaidi jinsi ukataji unavohama, basi.

Mimi naweka mwanzo uimara wa mti mbadala. Jaribio lenyewe linajulikana duniani na ni la kawaida sana, unachukua vipande vya miti unavichomeka ardhini unavikagua miezi sita kwa miezi sita. Tuchukue mvinje, mkesha yaani akasia ile ya kuoteshwa, sehemu ya nje ya gogo la mnazi ile ngumu, na mkoko uwe wa kulinganishia. Tuvichomeke mchanga wa pwani, maweni, udongo mwekundu wa shamba, na vyengine viwe chini ya paa bila kugusa ardhi. Vyengine viwe vitupu, vyengine vimetolewa gome na kukaushwa kivulini, vyengine vimerowekwa maji ya bahari, vyengine vimepigwa moshi, vyengine vimepakwa oili chafu kama watu wanavofanya sasa hivi, vyengine vitiwe dawa ya boroni ambayo inafaa chini ya paa lakini mvua inaiosha. Dawa ile ya viwandani ya shaba, kromi na aseniki inafanya kazi vizuri ardhini, ila kwa kijiji ambacho vipande vinavyobaki vinaishia jikoni kuwa kuni mimi naiogopa, moshi wa aseniki sio wa kuchezea.

Na mafundi wazee wasiachwe nje. Wengi wanaamini mti ukatwe mwezi ukiwa giza, usikatwe mwezi mpevu, ati dumuzi hawauli. Watu wa maofisini wanalipita hilo kama hadithi. Mimi nasema lipimwe, mana kuna dumuzi wanaofuata wanga uliomo ndani ya mti, na wanga unapimwa kwa tone la iodini ileile ya maabara ya skuli, ukiwepo mti unabadilika rangi kuwa buluu nyeusi. Kateni miti tarehe tofauti, dondosheni iodini, andikeni. Ikithibiti tutakuwa na kinga isiyokuwa na gharama hata shilingi, isipothibiti tutajua. Mwanafunzi wa skuli ya sekondari ya hapohapo anaweza kuifanya kazi hiyo na mwalimu wake wa kemia.

Mnazi nao nautilia mkazo. Tunayo minazi mikongwe mingi iliyopita umri wa kuzaa vizuri, na magogo yake mengi yanaishia kwenye matanuri ya chokaa. Gogo la mnazi nje ni gumu na zito, ndani ni laini kama sifongo, kwahiyo ukipasua bila kupanga daraja unamuuzia mtu ubao mmoja mzuri na mmoja mbovu na yeye anasema mnazi haufai. Meno ya msumeno ya kawaida yanakwisha haraka, yanahitajika yale ya ncha ngumu maalumu, na ubao mbichi unaota ukungu usipokaushwa haraka. Yote haya yanajulikana. Kinachotakiwa huku ni mtu akae na mwenye msumeno wa mtaani apige hesabu: mnazi mmoja unatoa ubao mgumu kiasi gani, gharama ngapi, na fundi atanunua kwa bei gani. Hilo ni utafiti, hata kama hauna jina kubwa.

La pili kwangu ni daftari la mtumiaji. Kwenye shehia hii tulishauriana liwekwe kwa mafundi wawili watatu, kwenye hoteli zilizo karibu, kwa wachoma chokaa, kwa tanuri la mikate na kwa mamalishe, kila mmoja aandike mti gani, saizi gani, umetoka wapi na umefanya kazi gani. Na tusijidanganye kuwa wataandika ukweli ikiwa daftari litatumika kuwakamata. Lazima kuwe na ahadi ya wazi kutoka kwa wakubwa kuwa daftari hili si la kesi. Bila ya ahadi hiyo bora lisianzishwe, mana tutapata namba za uongo na tutapanga msitu kwa namba hizo.

Ukuaji wa mikoko kwa daraja, yaani pau inachukua miaka mingapi kuwa mazio, na mazio kuwa boriti, hilo nalo lazima, na linaweza kuanza kwenye kipande kilichofungwa kwa sababu pale kuna ulinzi tayari. Bila yake zamu yoyote ya kukata ni ya kubahatisha. Na shehia ya jirani iwemo kwenye kila kitu tokea siku ya mwanzo, iwe ni ghuba moja kitabu kimoja, sio kila shehia na mipaka yake wakati mkataji na kima wote wawili mipaka hawaijui.

Bado lipo la haki ya mti, na hili ndio lililowavunja moyo kina mama kuliko hata mchwa. Mivinje waliiotesha wao, wakaimwagilia wao miezi ya kiangazi kwa ndoo kichwani, lakini siku ya kukata ikaonekana eneo sio lao, kibali cha kukata kinaombwa kwa njia moja, cha kusafirisha kwa njia nyengine, na huku mti unasubiri mnunuzi anaondoka. Waliokuwa na watu wa kuwafuatilia mjini walipata haraka, wasiokuwa nao walisubiri. Nani anaotesha tena kwa utaratibu huo? Hapa utafiti ni wa kukaa na watu na kuandika hatua moja moja, mti wa kuoteshwa unapita mikononi mwa nani kabla ya kuwa pesa, siku ngapi, shilingi ngapi, na ni hatua gani ingeweza kuondolewa bila ya kumfungulia mlango mwizi wa mti wa asili. Mimi naona mti wa kuoteshwa ungesajiliwa siku ya kuoteshwa, na usajili ule uwe ndio kibali.

Kina mama wenyewe walipoulizwa kama wataotesha tena walijibu kwa masharti mawili, karatasi yenye majina yao inayosema wao ndio wenye kukata, na mtu awaambie kabla, sio baada, mti huo fundi ataukubali au hataukubali. Kamati imeandika ombi la eneo kwa majina yao, na fundi yule aliekataa mivinje ameombwa yeye ndie awe mkaguzi wa vipande vitakavyochomekwa. Amekubali, ila kasema na yeye anataka kipande cha mkoko wake mwenyewe kichomekwe pembeni.